Mwanamume Mgongoni

Baba mdogo alitaka mwanamume wa baleti yangu ashuke mgongoni atembee kwa miguu yake. Hilo lilikuwa sharti la kwanza. La pili, mwisho wa mchezo mwanamume huyo apige magoti aokoke. La tatu, kuwe na muziki.

"Watu hawawezi acha kazi yao Jumamosi waje kusikiza mtu akipumua," aliniambia. "Hiyo si kitu ya kuonyesha watu wazima."

Alikuwa amekaa katikati ya kamati ya ukumbi, yeye mwenyekiti, nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa cha kufuma na chupa za maji ambazo hakuna aliyezigusa. Mimi walinipa kiti cha plastiki upande wa pili, peke yangu, kama mwizi wa kuku. Kila mzee pale alikuwa na kofia kichwani. Wazee wetu wa Nyeri hawavui kofia ovyo; watavua kwa maombi na watavua kwa maiti, basi. Mimi sikuwa maombi wala maiti, kwa hiyo walinihoji wakiwa wamezivaa.

Baleti yenyewe ilikuwa hivi. Mwanamke anaingia jukwaani ameinama, mgongoni amebeba mwanamume mlevi. Amembeba kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, ambao mama zetu walibebea kuni na wengine wanabebea mpaka leo. Anatembea. Anajaribu kusimama kwa ncha za vidole, anashindwa, anajaribu tena. Anafika mlangoni, mlango haufunguki, anarudi kuanza safari upya. Hakuna ngoma wala kinanda, ni pumzi zake tu na viatu vyake kwenye mbao. Mwishowe anasimama katikati na mzigo wake, anawatazama watu nao wanamtazama, kimya kirefu, mpaka taa zizimwe.

Nairobi walikuwa wameiona. Wengine walipiga makofi, wengine walitoka wakibamiza mlango, na mtu mmoja akaandika gazetini kwamba nimewatukana wanaume wa Mlima Kenya. Nilifurahi sana kusoma hayo. Mtu aliyeudhika angalau hajasinzia.

Nikaamua kuileta nyumbani. Marafiki zangu walidhani nimerukwa na akili, kwa sababu hakuna mji unaoweza kuudhika kwa jambo hili kama Nyeri. Kenya nzima inatucheka. Ukisema tu kwamba unatoka Nyeri, mwanamume wa pembe yoyote ya nchi ataruka nyuma akijikinga uso, ati wanawake wa kwetu wanapiga waume zao. Nimefanyiwa mzaha huo kwenye harusi, kwenye mahojiano ya kazi, na hata na daktari aliyekuwa ananipima shinikizo la damu. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza nyumba hizo zilikuwa na nini ndani kabla ya hicho kipigo.

Mama yangu hakumpiga baba. Alimbeba.

Baba alikunywa chang'aa mpaka ikammaliza. Kila kulipokucha bila yeye kuonekana, mama aliuchukua mukwa ukutani tukashuka naye barabara ya Gatitu kabla watu wa kupeleka maziwa hawajapita. Tulimkuta mtaroni, mara nyingi mahali pale pale, kama vile amepakodi. Mama alimfunga, akachuchumaa, akaupitisha ukanda kwenye paji, akainuka naye. Mimi nilifuata nyuma na viatu vyake. Hatukuzungumza njia nzima, na tulipokutana na mtu mama alisalimia kwanza, kwa sauti ya kawaida, kabla huyo mtu hajapata nafasi ya kusema lolote.

Baba alipokufa, kanisa letu lilikataa kumzika. Baraza la wazee lilisema mlevi aliyekufa ulevini hapewi ibada, hapewi mchungaji, hapewi hata wimbo. Aliyetuletea uamuzi huo nyumbani ni baba mdogo, ndugu yake wa tumbo moja, kwa kuwa alikuwa mmoja wa hao wazee. Hakuupinga. Aliusema akiwa amesimama mlangoni, akakataa chai.

Ili mtu aelewe uzito wa jambo hilo, ni lazima ajue mama alikuwa nani kanisani. Yeye ndiye aliyeanzisha nyimbo. Kwetu, jeneza likiinuliwa uani kupelekwa kaburini, mwanamke mmoja huanzisha wimbo wa kusindikiza, na ukishaanza, kila aliyeketi husimama, kila mwenye kofia huivua, na watu wote hufuata jeneza, hata aliyekuwa adui wa marehemu. Mama alikuwa amewaimbia hivyo wazazi wa karibu kila mtu kijijini. Siku ya baba aliambiwa asifungue mdomo, na akifungua, atoke kwaya. Hakufungua. Tulisimama pale, tukasikia udongo ukipiga mbao, kisha tukarudi nyumbani kuosha vyombo.

Kimya cha baleti yangu kilitoka kwenye kaburi hilo. Watu huniuliza kama nilijifunza Ulaya. Ulaya nilijifunza kunyoosha mguu.

Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja tu. Nilitaka mama, ambaye hajawahi kuniona nikicheza wala kuona kazi yangu yoyote, akae kwenye kiti katika ukumbi ule, na wale waliomnyamazisha wakae mbele yake, kisha kimya kile kile kiwakalie vichwani wote hadi washindwe kupumua. Sikutaka watubu. Nilitaka waumie.

Mama alipopata habari, hakuinua hata uso. Alikuwa akimenya viazi nje ya jiko, Gatitu, na ganda liliendelea kushuka kwa mkato mmoja bila kukatika. Huniita maitu, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mama yake, na hata akiwa amekasirika haachi kuniita hivyo.

"Maitu, umetafuta kazi ya kufanya ukakosa?"

"Hii ndiyo kazi, mama."

"Umemzungusha baba yako Nairobi nzima. Sasa unamrudisha hapa watu wamwone tena?"

Nikamwambia si baba, ni mwanamume yeyote, ni sanaa. Niliongea maneno mengi ya aina hiyo. Mama alitupa kiazi kwenye sufuria, maji yakaruka.

"Mimi mambo ya densi siyajui. Lakini mgongo wangu naujua," akasema. Hakusema kama atakuja.

Kamati nayo ilikuwa imenaswa na tamaa yake yenyewe. Baba mdogo alikubali kunipa ukumbi akidhani baleti ni wale wasichana weupe wenye visketi vya kusimama anaowaona kwenye televisheni wakati wa Krismasi. Gari lenye vipaza sauti lilikuwa limeshapita Kiganjo na Gatitu likitangaza "baleti ya kimataifa kutoka kwa binti yetu", na wageni waheshimiwa walikuwa wamealikwa. Kisha akaja kuona mazoezi. Alisimama nyuma ya ukumbi, na kesho yake tukakuta kufuli mpya mlangoni. Kufuta shughuli hawangeweza, aibu ingekuwa yao, wakaamua kunitesa kwa masharti.

Tulihamishia mazoezi kwenye stoo ya mfanyabiashara mmoja wa vitambaa mjini, Mwislamu, jirani wa msikiti. Mtu mkali. Alitupa funguo huku akilalamika kwamba tutamwagia vumbi mitumba yake na kwamba haelewi kwa nini watu wazima wabebane. "Lakini ngoma yenu haina ngoma," akasema, "kwa hivyo wakati wa swala hamtanisumbua." Kati ya wenyeji wote wa mji huo, yeye peke yake alikiona kimya changu kuwa na faida.

Wachezaji wangu walikuwa wawili. Msichana alitoka Kiganjo, amelelewa karibu na chuo cha polisi, akiwaona makurutu wakibebana mabegani kila asubuhi. Alipoiona kazi yangu mara ya kwanza hakuuliza maana yake, aliuliza tu mwanamume ana kilo ngapi. Kijana alitoka Kenol. Kazi yake ilikuwa ngumu kuliko ya msichana, ingawa hakuna aliyeamini. Mcheza dansi hujizoeza maisha yake yote kuubeba mwili wake mwenyewe, na mimi nilikuwa namwambia auache, awe gunia, asimsaidie yule dada hata kwa kidole. Ilimchukua muda mrefu kujifunza kuwa mzito.

Mjini walimjua upesi. Akipita stendi, wanaume walimwita. "Wewe ndio yule hubebwa na wasichana? Kuja tukubebe basi!" Baba yake alipiga simu kutoka Kenol akamwambia asirudi nyumbani na ujinga huo. Nilidhani ataondoka, na nikajiandaa kumtukana.

"Madam, usijali," aliniambia. "Mimi niko na shida na watu wa kwetu, si na hii kazi."

Katika masharti matatu, nilikataa yote matatu. Wakaniletea mengine mawili: shughuli ifunguliwe kwa maombi, na kuwe na mfawidhi. Nikakubali. Nilijiona nimeshinda, maana maombi ni maombi na mfawidhi ni mtu wa kusema karibuni. Mtu mzima, mzaliwa wa Nyeri, nikasahau kwamba kwetu hizo ndizo silaha zenyewe.

Jumamosi hiyo mchana ukumbi ulijaa, na haukujaa kwa mapenzi. Kina mama wa kanisa walikaa pamoja na vitambaa vyao vichwani. Wanaume walisimama nyuma wameegemea ukuta, mikono mifukoni, tayari kuchukizwa. Mbele kabisa waliketi wageni waheshimiwa na kamati, safu nzima ya kofia. Mama aliingia wakati watu wameshakaa. Alivaa koti lake la kanisani, akaweka mkoba magotini, akautazama huo mkoba.

Aliyeomba ni baba mdogo, nani mwingine. Wakavua kofia. Aliomba mvua, akaombea bei ya kahawa, akawaombea viongozi, kisha akafika kwangu. Akamwomba Mungu awarudishe watoto wetu waliopotelea masomo ya ng'ambo. Akayafunga mapepo yanayoingia nyumba za watu kwa njia ya densi. Akaomba wanawake wapewe roho ya kustahi na kufunika, maana uchi wa nyumba haufunuliwi. Ukumbi ulisema amina kwa nguvu. Mimi nyuma ya pazia nilikuwa namtukana kwa hasira, na yule msichana wa Kiganjo alinishika mkono akaniambia nisimharibie joto la misuli yake kwa kelele.

Kofia zikarudi vichwani. Mfawidhi akawasalimia wageni mmoja mmoja kwa vyeo vyao, akamaliza, akatazama karatasi yake, akasema, "Na sasa tukaribishe hii... hii kitu."

Pazia likafunguka. Msichana akaingia na mzigo wake, na kimya kikaanza. Nilikisikia kikishuka, nikaona safu ya mbele imeganda, nikasema moyoni, sasa kaeni nacho.

Hawakukaa nacho. Kanisani kwetu kimya hakina maana nyingine ila kwamba mitambo imeharibika. Fundi wa sauti alianza kuhangaika. Akavuta nyaya, akagonga kipaza sauti, mlio ukapasua ukumbi. Mfawidhi akarukia kipaza kingine. "Samahani, watu wetu, mashine imekataa kidogo, tuvumilie, inakuja." Watu wakacheka. Msichana aliendelea kutembea. Nilizunguka kwa mlango wa nyuma nikamshika yule fundi mkono, nikamwambia kwa meno yaliyofungwa kwamba hakuna kilichoharibika, ndivyo ilivyo, hakuna sauti.

"Ati hakuna sauti?" Alinitazama kwa huruma kabisa. "Na hii mashine yote nimebeba?"

Wanaume wa nyuma wakawa wamepata walichokijia. Mmoja akaita, "Mshushe, ako na miguu!" Mwingine, "Mpige kabisa, si ndio mnajua!" Kicheko kikapita ukumbini, hata kina mama wengine walificha midomo kwa vitambaa. Msichana akasimama kwa ncha za vidole, akashindwa, na aliposhindwa wakampigia makofi ya kejeli. Kijana mgongoni hakutikisika. Kichwa chake kilining'inia kama nilivyomfundisha. Nilimpenda sana dakika hiyo na nikamchukia kila mtu mwingine ndani ya jengo lile.

Akafika katikati ya jukwaa, mahali pa kusimama. Hapo ndipo kazi yote ilipokuwa ikielekea. Aliwatazama, mukwa umemkaza paji, jasho likimdondoka puani. Wakaendelea kupiga kelele. Baba mdogo akainuka kwenye kiti chake cha mbele, akageukia watu, akainua mkono kama anavyofanya akifunga mikutano.

"Imetosha," akasema. "Tumeona. Funga hiyo pazia." Na akaanza kupanda ngazi za jukwaa kwenda kulifunga mwenyewe.

Ndipo sauti ikatoka katikati ya ukumbi. Ilikuwa nzito, yenye mikwaruzo, haikutafuta uzuri wowote. Niliitambua kabla sijaelewa inaimba nini. Mama alikuwa amesimama, mkoba umeanguka chini, macho yake kwenye jukwaa, na alikuwa ameanzisha wimbo wa kusindikiza jeneza.

Nataka kusema ukweli: nilitaka kumziba mdomo. Kile kimya nilikuwa nimekipigania Nairobi, nimekipigania mbele ya kamati, nimekilinda dhidi ya fundi na mashine yake, na sasa mama yangu mzazi anakivunja mahali pake penyewe. Hata wahuni wa nyuma hawakuniumiza hivyo. Nilianza kumwendea katikati ya viti.

Sikufika. Aliimba mstari mmoja peke yake, na wa pili kina mama wote wakaupokea. Hawakufikiri. Wimbo huo ukianzishwa mdomo unaitika wenyewe. Viti vya plastiki vikakwaruza sakafu na ukumbi mzima ukasimama. Nikaona safu ya kofia ikivunjika, moja baada ya nyingine, mikono ikizishusha vifuani. Wanaume wa ukutani waliokuwa wakiita mpige, mpige, walitoa mikono mifukoni wakavua zao, na wasio na kofia wakainamisha vichwa. Kelele ilikwisha kabisa.

Baba mdogo alikuwa kwenye ngazi, mguu mmoja juu, mkono ukielekea pazia. Akageuka. Alimtazama mama. Mama hakumtazama, aliimba. Yeye aliyemletea marufuku ile mlangoni alikuwa mtu pekee mwenye kofia katika ukumbi mzima, na kila mtu alikuwa anaiona. Akaivua polepole, akashuka ngazi.

Msichana wa Kiganjo hakuwa amefundishwa la kufanya hapo. Alisikiliza kidogo, kisha akaanza kutembea, mwendo mzito wa watu wanaobeba jeneza, akashuka na mzigo wake ngazi zile zile. Baba mdogo akajibana kando kumpisha. Akapita katikati ya viti, watu wakimfungulia njia, akatoka mlangoni, nao wakamfuata, kwa sababu wimbo huo hufuatwa. Kina mama, wageni waheshimiwa, kamati, hata mfawidhi na karatasi yake. Mwanamume mlevi alisindikizwa mpaka kwenye nyasi za nje na ukumbi mzima wa Nyeri. Pale msichana akachuchumaa akamlaza chini. Kijana akafumbua macho kuona kama amefika, na mzee mmoja wa kamati akapiga yowe akarudi nyuma akikanyaga watu.

Wimbo uliisha kama unavyoisha siku zote, bila mtu kuamua. Watu walibaki wamesimama. Hawakujua wapige makofi au waende zao, na wengi wakaenda zao.

Mama alirudi ndani akaokota mkoba wake, akaukung'uta vumbi, akaja nilipokuwa.

"Mama, umeniharibia."

"Ndiyo," akasema. "Nimeharibu."

"Kile kimya ndicho kilikuwa kazi yenyewe. Nilitaka wakisikie."

"Kile kimya kilikuwa changu, maitu. Mimi ndiye niliyekinyamaza." Alifunga kifungo cha koti lake cha juu kabisa. "Hukuniuliza kama nakitaka tena."

Baleti hiyo sijaionyesha tena mahali popote, na wakiniuliza sababu nawajibu vibaya.

Baba mdogo alitujia tukiwa tumesimama hapo. Kofia alikuwa bado nayo mikononi, anaizungusha kwa ukingo wake, na alianza kusema kitu kuhusu kamati, kwamba kamati haikujua, kwamba siku zile mambo ya kanisa yalikuwa magumu. Mama alimwacha aongee mpaka maneno yakamwishia. Kisha akatumia sauti niliyoisikia mamia ya asubuhi, ile ya kuwasalimia watu barabarani kabla hawajamwahi.

"Vaa kofia yako, shemeji," akamwambia. "Tumemaliza kuzika."

Akaivaa.